Jibini ya nyumbani kwa maziwa ya jioni, na namna ya kuifikisha kwa ndugu

Huku kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, mvua ikikolea kuanzia mwezi wa 3 majani yanakuwa mengi na ng'ombe wanatoa maziwa kwelikweli, na ndo kipindi hichohicho njia zinaharibika kwa matope, anayekusanya maziwa anapita asubuhi tu na siku nyingine hapiti kabisa. Ya asubuhi unauza, ya jioni yanabaki ndani. Watoto watakunywa, mtindi utaweka, jirani utampa, na bado ndoo ina lita 5 zinakuangalia. Mi hizo lita 5 ndo natengenezea jibini, na nataka nikuelekeze vizuri maana haitaki mashine wala dawa ya kufuata mjini, ni sufuria, ndimu, kitambaa na kitu kizito basi.

Tuelewane kwanza ni jibini gani. Hii ni ile inayogandishwa kwa ndimu, Wahindi wanaiita paniri. Ile inayovutika juu ya piza ni nyingine, inagandishwa kwa renneti, yaani dawa maalumu ya kugandishia maziwa, maziwa yanapashwa kidogo tu na inataka kipimajoto na muda mrefu, wenzetu wa Njombe wanatengeneza za namna hiyo kiwandani za Kiitaliano na ni tamu sana. Hii yetu haiyeyuki hata uiweke kwenye mafuta ya moto, unaikata vipande unaikaanga inabaki na umbo lake, na kwa mboga zetu mi naona ndo inafaa zaidi.

Sasa maziwa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanalaumu ndimu kumbe tatizo ni maziwa. Yawe ya leo, yawe mazima hayajatolewa mafuta, na yasiwe yameongezwa maji, maana maji hayagandi, ukiweka lita 5 zenye lita moja ya maji ndani yake utapata jibini ya lita 4 tu. Kama unanunua, nunua kwa mtu unayemjua au pima kwa kile kipimo cha maziwa. Ng'ombe aliyezaa juzijuzi maziwa yake ni dang'a, hayo muachie ndama, alafu ng'ombe aliyechomwa sindano usitumie maziwa yake mpaka siku alizosema daktari wa mifugo ziishe, na mwenye ugonjwa wa kiwele vilevile, hapana. Maziwa ya mbuzi yanafaa, jibini yake inakuwa laini kidogo. Ya boksi yale yanayokaa miezi bila friji yanaganda ila kwa unyonge, mabonge yake ni madogomadogo na kuyabana ni kazi.

Chuja maziwa, weka kwenye sufuria nzito, moto wa wastani. Koroga polepole ukipitisha mwiko chini kabisa, usipofanya hivyo yatashika chini na jibini yote itanuka moshi, na harufu hiyo haitoki hata uisuuze mara ngapi. Subiri mpaka yaanze kupanda kama yanataka kumwagika, hapo ndo yamechemka, epua. Usiruke hatua hii hata kama ng'ombe ni wako mwenyewe na unamwamini, kuna ugonjwa wa brusela unapita kwenye maziwa mabichi, mtu anapata homa zinaenda zinarudi na maumivu ya viungo, anatibiwa malaria kumbe sio. Moto unaua vijidudu vyake. Na hata kwa jibini yenyewe moto una kazi, maana kwenye maziwa kuna protini nyingine ambazo bila kupata joto kali hazigandi, zinaondoka na maji, ukichemsha zinashikana na zile zinazoganda na unapata jibini zaidi.

Yakishaepuliwa acha dakika 2 au 3 tu. Wakati huo ndimu zako ziwe zimeshakamuliwa na kuchujwa, kwa lita 5 mi natumia ndimu 7 au 8 za kawaida, au malimau makubwa 4, inatoka kama nusu kikombe na zaidi kidogo. Changanya na maji kiasi hichohicho. Kama huna ndimu tumia siki nyeupe, vijiko 10 vya chakula, nayo iongeze maji. Mimina kidogokidogo huku unakoroga taratibu sana, yaani kama unambembeleza mtoto, mara yangu ya kwanza nilikoroga kama uji na nikapata chengachenga kama mchanga ambazo nusu zilipita kwenye kitambaa. Mimina, zungusha mwiko mara moja mbili, angalia. Utaona maziwa yanakatika, mabonge meupe upande huu na maji upande huu. Maji yakishakuwa na rangi ya kijani kijani cha njano, yanaonyesha chini, ACHA kumimina hata kama ndimu imebaki, ukizidisha jibini itakuwa kali na ngumu. Yakibaki meupe kama maziwa bado, rudisha jikoni dakika moja alafu ongeza ndimu kidogo. Funika, acha dakika 10.

Kitambaa natumia kile cheupe cha pamba cha kuchujia tui, nimekichemsha, kisiwe kimefuliwa kwa sabuni yenye harufu. Tandika kwenye chujio juu ya sufuria nyingine, mimina yote. Pitisha mara moja juu yake maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kuondoa ukali wa ndimu. Alafu tia chumvi, vijiko 2 vya chai vinatosha, changanya kwa mkono safi. Kabla ya chumvi mi huwa natenga kidogo ya mtoto mdogo wa nyumbani, hiyo haina chumvi kabisa. Na hapo ndo mahali pa kuweka vikolombwezo ukitaka, pilipili manga, bizari nyembamba iliyokaangwa, giligilani, sio vyote kwa pamoja.

Kunja kitambaa, kamua maji, weka kwenye sahani bapa, juu yake sahani nyingine na juu ya hiyo ndoo ya maji au jiwe lililooshwa. Nusu saa inakuwa laini ya kupaka kwenye mkate, saa 2 inakuwa ngumu ya kukatwa na kukaangwa. Lita 5 mi zinanipa kama gramu 700, msimu wa majani mazuri inafika hata 800.

Yale maji usimwage jamani. Kandia chapati, zinakuwa laini na zinapata rangi nzuri kwenye kikaango, au pikia ugali, yakizidi kuna nguruwe na kuku.

Kwenye kugawa ndo napapenda zaidi. Jibini ikishatoka sahanini nakata mafungu siku hiyohiyo kabla haijaingia friji, maana ikishaingia itaisha kimyakimya. Bibi yetu hana meno, fungu lake ni lile laini la nusu saa, anakula na ndizi za kuchemsha na anashiba. Watoto wanapenda vipande vilivyokaangwa mpaka vikawa na rangi ya kahawia, unavitoa unavirudisha kwenye nyanya na kitunguu mwishoni kabisa, mboga hiyo kwa chapati hawagombani na mtu. Mama mkwe anapewa kipande kizima hakijakatwa, tena kimefungwa kwenye kitambaa chake, anajua mwenyewe atamkatia nani. Yule ambaye maziwa humsumbua tumbo mpe kidogo kwanza aone, sukari ya maziwa nyingi imeondoka na yale maji ila haijaisha.

Friji inakaa siku 4 mpaka 5, iwe ndani ya bakuli lenye mfuniko. Kama hakuna friji tengeneza kidogo ya kuliwa siku ileile, usiilaze nje. Na friza inakaa mwezi, ikiyeyuka inakuwa na vitundu vitundu ila kwenye mchuzi inanyonya viungo vizuri kuliko hata mbichi.

Za Dar natuma kwa basi. Inatakiwa igande kwenye friza siku 2 nzima iwe kama tofali, naifunga kwenye mfuko usiopitisha maji, alafu magazeti matabaka mengi, naweka kwenye deli dogo pamoja na chupa 2 za maji yaliyoganda na nafasi zote zilizobaki naziba kwa magazeti, hewa ikizunguka humo ndani barafu inaisha njiani. Natuma na basi linalofika asubuhi, sio linalofika mchana kwenye joto. Nikishakabidhi kwa kondakta nampigia dada namba ya basi na saa ya kufika, na namwambia akifungua aguse kwanza: ikiwa bado ngumu aweke friza, ikiwa imeyeyuka lakini ya baridi aipike leoleo, ikiwa ya uvuguvugu aitupe na asinionee aibu kuniambia, ntatuma nyingine wiki ijayo, ng'ombe bado anakamuliwa.