Jinsi ya kuandika ombi la ufadhili wa safari ukiwa mwanafunzi wa usanifu majengo

Mwanafunzi wa usanifu majengo, awe Chuo Kikuu Ardhi, Nairobi au Makerere, aanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi hutangazwa pamoja. Tuzo hutolewa kwa kazi iliyokwisha kufanyika, na kazi yenyewe ndiyo inayosema. Ufadhili wa safari hutolewa kwa kazi ambayo haijafanyika, kwa hiyo jopo halina cha kupima isipokuwa uzito wa swali lako na dalili kwamba utaweza kulijibu. Nimesoma maombi kama hayo kwa miaka kadhaa nikiwa mjumbe wa jopo, na nikiwa mwanafunzi niliwahi kunyimwa ufadhili kabla ya kupewa. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mfuatano ambao ningependa kuufuata mimi mwenyewe wakati ule.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuchagua mji

Ombi langu la kwanza lilitaja miji tisa na majengo mashuhuri kumi na manane, na lilikataliwa kwa haki, kwa sababu halikuwa na sentensi hata moja iliyoeleza kwa nini ilinilazimu kuyafikia majengo ambayo picha na ramani zake zilikuwa tayari maktabani. Tangu hapo nalipima kila swali kwa kipimo kimoja: kama maktaba inaweza kulijibu, si swali la safari.

Tuchukue baraza, yaani viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba, katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukiuliza baraza ina maana gani katika usanifu wa Waswahili, utapata majibu mengi bila kutoka chuoni. Lakini ukiuliza baraza fulani ina kimo na kina gani, kivuli huifikia saa ngapi, nani huketi hapo baada ya sala ya alasiri, na nini hubadilika nyumba inapogeuzwa kuwa hoteli, hapo hakuna njia ila kwenda na kukaa. Vivyo hivyo kwa vyumba vya nyumba hizo, ambavyo ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazikuvuka mita tatu hivi. Mtu anaweza kuuliza: pale dari ya boriti na chokaa ilipobomolewa na kumwagwa zege, je, wenyeji walipanua vyumba au walibaki na upana waliouzoea? Swali hilo ni dogo, lina mahali pake, na hujibiwa kwa futi na mazungumzo. Ningelipatia alama za juu bila kusita.

Hatua ya 2: Onyesha kwamba umekwisha kuanza

Norman Foster, msanifu majengo mashuhuri wa Uingereza, alipokuwa mwanafunzi Manchester, alichagua kupima na kuchora kinu cha upepo cha mbao kilichoko kijiji cha Bourn, Uingereza. Mchoro huo ulimpatia mwaka 1959 medali ya RIBA, ambayo ni taasisi ya wasanifu majengo wa Uingereza, pamoja na zawadi ya pauni mia moja hivi, na fedha hizo akazitumia kuzunguka Ulaya akitazama majengo. Baadaye ufadhili wa RIBA wenye jina lake ukawa kwa miaka mingi ukitoa pauni 7,000 kwa mwanafunzi mmoja kila mwaka. Ninapenda mfuatano huo: kazi ya kupima ilitangulia, safari ikafuata.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba fedha za kwenda mbali, pima nyumba iliyo karibu nawe. Nyumba moja ya Kiswahili ya Kariakoo, Dar es Salaam, yenye ukumbi wa katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma, inapimika kwa mwisho wa wiki mmoja au miwili. Ambatisha ramani yake na mkato wake, yaani mchoro wa nyumba kana kwamba imekatwa wima, kwenye ombi, kwani karatasi hizo mbili humweleza mjumbe wa jopo mengi kuliko kurasa za maelezo juu ya ari yako.

Hatua ya 3: Toa ratiba na bajeti kutoka kwenye kazi

Hesabu siku kwa kazi, si kwa miji. Tuseme unakwenda Lamu: nyumba sita kwa siku mbili kila moja ni siku 12. Ongeza siku 4 za barabarani na majini, maana kutoka Mombasa utapanda basi hadi Mokowe, gati iliyoko bara, na kuvuka kwa boti hadi kisiwani, kisha siku 3 za kuzungumza na mafundi na siku 2 zisizo na kazi iliyopangwa. Jumla ni siku 21, na kila shilingi ya malazi na chakula itafuata idadi hiyo. Weka malipo ya msaidizi mwenyeji na akiba ya asilimia 10. Tazama pia kalenda ya Kiislamu, kwa sababu baraza ya mwezi wa Ramadhani huchangamka usiku, na Maulidi ya Lamu hujaza nyumba za wageni.

Hatua ya 4: Barua na vibali

Mpe mwalimu wako wiki tatu za kuandika barua, na umpe swali lako, si jina la ufadhili peke yake. Uliza chuo chako mapema kuhusu kibali cha utafiti, ambacho hutolewa na tume ya taifa ya sayansi na teknolojia: Kenya ni NACOSTI na Tanzania ni COSTECH. Idhini ya mwenye nyumba ni jambo jingine, wala kibali cha serikali hakichukui nafasi yake. Vyumba vya ndani kabisa ni sehemu ya faragha ya familia, hivyo mwanafunzi wa kiume apange tangu mwanzo kufanya kazi na mwenzake wa kike, na alieleze hilo kwenye ombi.

Hatua ya 5: Linda vipimo vyako

John Soane, msanifu majengo wa Kiingereza, aliondoka London mwaka 1778 kwenda Italia kwa ufadhili wa Royal Academy, taasisi ya sanaa ya huko, na aliporejea mwaka 1780 kitako cha sanduku lake kilifunguka njiani, akapoteza madaftari, michoro na vifaa vyake, wala havikupatikana tena. Kila jioni piga picha kurasa zote za daftari na uzihifadhi mahali pawili. Katika kila chumba pima pia mishazari miwili, yaani umbali wa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, kwa maana kuta za mawe ya matumbawe ni nadra kukutana kwa pembe mraba, na bila mishazari mistari ya mchoro wako haitakutana utakapoketi kuuchora.

Hatua ya 6: Rudisha michoro

Tayarisha nakala tatu: moja ya mfadhili, moja ya maktaba ya chuo, na moja ya mwenye nyumba, iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa na yenye vipimo vyote, ili siku atakapotaka kukarabati dari awe na ramani ya kumwonyesha fundi.