Arobaini ikitoka, kadi iwe mkononi: namna ya kumchanja mtoto Pemba

Kwetu Pemba mzazi akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Sindano za mwanzo za paja hutolewa mtoto akitimiza wiki 6, yaani siku 42. Wanangu watatu wote nimewahesabia hivyo: siku ya kutoka arobaini natoa kadi, naitazama tarehe, na kesho kutwa yake tuko kituoni. Lakini ipo chanjo inayotangulia, ya siku za mwanzo kabisa, na hiyo haingoji arobaini. Hapo ndipo nyumba nyingi hukwama.

Kabla mtoto hajazaliwa: kaeni mzungumze

Mwanangu wa pili alichelewa sindano ya shurua kwa miezi mitatu. Hakuna aliyekataa. Baba yake alikuwa dago, kambi ya wavuvi, na mama mkwe akasema, "Mwanangu, tumngoje mwenyewe arudi." Nami nikangoja. Shurua ikaingia mtaa wa pili yetu, na kila usiku nikimgusa mtoto paji la uso kuona kama lina moto. Mtoto wa tatu alipokuwa tumboni, baba yake alisema mbele ya mama yake, kwa sauti: "Siku ikifika na mimi sipo, mpelekeni." Neno hilo moja lilitutosha miezi 18. Msemeshe mwenzio alitamke mapema, hasa kama ni mvuvi au msimu wa karafuu huwa hakai nyumbani.

Na mkae na khofu zenu pia, msizifiche. Nimesikia kwa masikio yangu kwamba chanjo inafunga kizazi. Mpango wa chanjo za watoto Tanzania ulianza mwaka 1975. Waliochanjwa miaka ile leo ni mabibi na mababu wenye wajukuu. Nimeulizwa kama ni halali. Kila hujaji anayetoka hapa huchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya kwenda Makka, kwa sharti la Saudi Arabia wenyewe. Bado una dukuduku? Mwulize nesi siku ya kliniki ya mimba, wakati mtoto hajaanza kulia na foleni haijakusukuma. Siku hizo hizo wewe mwenyewe utadungwa sindano ya pepopunda; usiikimbie, inamlinda mtoto na pepopunda ya kitovu.

Siku za mwanzo: kadi na bega la kulia

Ukijifungua hospitali au kituo cha afya, usiondoke kabla mtoto hajapata chanjo mbili: sindano ndogo ya kifua kikuu kwenye bega la kulia na matone ya polio mdomoni. Utapewa kadi ya mtoto. Isome hapo hapo: jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya chanjo, tarehe ya kurudi. Kosa la tarehe hurekebishika mbele ya aliyeiandika. Likishafika nyumbani hubaki.

Ukijifungulia nyumbani, mtoto apelekwe mapema, na si lazima uende wewe. Bibi yake, shangazi yake, yeyote unayemwamini ambebe, amwambie nesi siku aliyozaliwa na uzito kama ulipimwa. Arobaini ni ya mama. Mtoto ana ruhusa ya kutoka kwa haja kama hiyo. Cheti cha kuzaliwa ni shughuli nyengine yenye njia yake, usikingoje ndipo umpeleke mtoto chanjo.

Baada ya wiki chache, pale begani patatoka kipele, kitapasuka, kitatoa maji kidogo kisha kitaacha kovu. Ndivyo inavyotakiwa. Usipake kitu, usibandike kitu, usikamue.

Wiki 6, 10 na 14

Wiki ya 6 mtoto hupata matone ya polio, matone ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota, na sindano mbili, moja kila paja. Paja moja ni chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na kijidudu kiletacho kichomi na homa ya uti wa mgongo. Paja la pili ni ya kichomi kinacholetwa na kijidudu chengine. Wiki ya 10 anarudia. Wiki ya 14 anarudi tena, na safari hii huongezwa sindano ya polio.

Huduma ni bure katika vituo vya serikali. Beba kadi, nguo ya kubadilisha, na kanga ya kumfunika unaponyonyesha. Kama mtoto ana mafua au kikohozi kidogo, nenda hivyo hivyo, na useme. Nesi ndiye ataamua. Kama aliwahi kupata taabu kubwa baada ya chanjo iliyopita, hilo litangulie kabla ya salamu kwisha.

Una haki ya kuona kichupa. Sema, "Dokta, naomba nikione kwanza." Kwenye kichupa kuna duara dogo lenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukiwa umekoza sawa na duara au zaidi, haifai. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa joto la kwetu na umeme unaokatika, alama hiyo ni shahidi mzuri. Mimi huomba kila mara, na sijawahi kununiwa.

Kaa kituoni kama nusu saa baada ya sindano. Usiku mtoto anaweza kuchemka mwili na paja kuvimba kidogo. Mnyonyeshe mara kwa mara, mvue nguo nzito, na dawa ya homa umpe kwa kipimo ulichoambiwa na nesi. Akivimba uso, akipumua kwa shida, akipata degedege, au akilia mfululizo zaidi ya saa tatu, mrudishe kituoni au hospitali usiku huo huo.

Miezi 9 na miezi 18

Hizi ndizo zinazosahaulika. Mtoto ameshaanza kutambaa, mama amesharudi shambani au kwenye mwani, na kadi iko chini ya godoro. Miezi 9 ni sindano ya kwanza ya shurua na rubela, miezi 18 ni ya pili. Moja haitoshi: wapo watoto ambao mwili haukushika kinga mara ya kwanza.

Unaweza kufika ukaambiwa urudi siku fulani. Usichukie. Kichupa cha shurua ni cha watoto kadhaa, na kikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, ndiyo maana vituo hukusanya watoto siku moja. Uliza siku hiyo mapema, ujue kabla hujalipa nauli. Kama unakaa kisiwa kidogo au mbali na kituo, mwulize mhudumu wa afya wa shehia yenu timu ya chanjo itapita lini.

Siku kama ya 7 hadi ya 12 baada ya sindano hii mtoto anaweza kupata homa na vipele vyepesi. Hupita.

Umechelewa, au kadi imepotea

Uliyemchelewesha, nenda kesho. Hutaanza upya, nesi ataendelea pale mlipoishia na kuzipa sindano nafasi ya angalau wiki nne. Utafokewa? Pengine. Mimi nilifokewa, nikaitikia, mtoto akachanjwa.

Kadi ikipotea, rudi kituo ulichoanzia ukiwa na tarehe ya kuzaliwa na, ukikumbuka, mwezi wa chanjo ya mwanzo. Majina yameandikwa kwenye daftari la kituo kwa tarehe. Omba watafute na wakuandikie kadi mpya yenye chanjo zote zilizopita. Ukihamia Unguja au ukienda kukaa kwa ndugu Mkoani, kituo chochote kitaendelea na kadi hiyo. Piga picha ya kurasa zake kwa simu, umtumie na baba yake huko aliko. Kadi yenyewe itie kwenye mfuko wa nailoni, iweke sandukuni pamoja na nguo zako za sikukuu.