Umepata gari ya kufunguka juu? Kaa nayo kwanza saa moja ikiwa imepaki

Haya, umepata konvetibo yako na najua kitu cha kwanza unachotaka ni kushusha paa uondoke zako upepo ukupige. Subiri kwanza. Hizi gari vitu vingi vinafanana na gari ya kawaida ila vile vichache visivyofanana ndo vinaumiza, vingine mfuko, vingine mwili. Mimi siku ya kwanza nilibonyeza swichi ya paa nikiwa nimesimama kwenye mataa, najiona, paa likaishia katikati limekaa juu kama mdomo wa mamba, taa ikawa kijani, huko nyuma honi. Kosa lenyewe lilikuwa begi tu kwenye buti, nitalieleza mbele. Kwaiyo tenga saa moja hivi, tafuta sehemu tambarare isiyo na matawi wala dari ya karibu, kitabu cha gari kiweke siti ya pembeni, tuanze paa likiwa limefungwa.

Kaa kwenye siti kwanza. Siti za hizi gari mara nyingi ziko chini na miguu inanyooka mbele, sasa watu wanajilaza kama wako ufukweni. Hapana. Kifua chako na katikati ya usukani viachane angalau sentimita 25, maana eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga ukigonga, inafyatuka kwa nguvu na inahitaji nafasi ya kujaa kabla hujaifikia, na mgongo uwe umenyooka vya kutosha ili ukikanyaga breki mpaka chini goti libaki limekunja kidogo. Egemeo la kichwa lifike usawa wa kichwa sio shingo. Alafu mkanda: kwenye gari za milango miwili mkanda unatokea mbali sana nyuma ya bega, ndo maana siti nyingi zina kishikizo kidogo pale juu pembeni cha kuupitisha, upitishe humo, usipofanya hivo paa likiwa wazi upepo utaupigapiga shingoni njia nzima na utaanza kushawishika kuuvua.

Vioo sasa. Paa la kitambaa likiwa limefungwa kona za nyuma zinakuwa nene na dirisha la nyuma ni dogo kama la jikoni, pikipiki nzima inapotelea pale. Sait mira zitoe nje zaidi ya ulivyozoea, mpaka ubavu wa gari yako ubaki kidogo sana au usionekane kabisa, na bado kabla ya kuhama njia geuza shingo uangalie. Kamera ya nyuma kama ipo itumie lakini usiiamini peke yake, ikichafuka matope haikwambii. Na baadaye ukishashusha paa ujionee, utashangaa ni kama umepewa gari nyingine, sehemu zote zile zilizokuwa giza zimefunguka.

Taa, waipa, indiketa, hazadi (taa za dharura), hendibreki, hivi sitakuchosha, zishike moja moja kisha fumba macho uzitafute kwa mkono tu. Hazadi ndo ujue kuliko zote. Hendibreki nyingi sahivi ni swichi ya umeme, ujue inavutwa au inabonyezwa. Taa za dashibodi kumbuka rangi tu: nyekundu simama sehemu salama uangalie, njano usiipuuze ila unaweza kufika, kijani na bluu zinakwambia kitu kimewaka. Jua la moja kwa moja likipiga kwenye skrini hutaona kitu, kwaiyo vile vitu unavyovitumia ukiwa unatembea vijue vina batani zake wapi badala ya kutegemea kugusagusa skrini.

Sasa paa lenyewe, hapa tukae.

Kwanza ujue lako ni la aina gani, la kitambaa au gumu linalojikunja vipande vipande, la mkono au la umeme, maana kila moja lina masharti yake. Mazda MX-5 ya kitambaa unafungua kilachi, yaani komeo dogo, pale juu karibu na kioo cha ndani unalisukuma nyuma kwa mkono, ukizoea unafanya ukiwa umekaa. Ndugu yake MX-5 RF ni la umeme, sekunde kama 13, na linakubali ukiwa chini ya 10 km/h tu. BMW Z4 iliyotoka 2018 inachukua sekunde kama 10 na inakubali hata ukiwa 50 km/h. Ford Mustang kuanzia ya 2015 lazima kwanza uzungushe mpini ulioko juu katikati ya kioo cha mbele ndo ubonyeze swichi. Unaona? Kwaiyo usichukue ya rafiki yako ukadhani na yako itafanya hivohivo. Na hata kama kitabu kinasema 50, ushauri wangu lifanyie kazi ukiwa umesimama, kwasababu kwa hizo sekunde kumi macho yako hayapo barabarani, kila mtu anageuka kulitazama lile paa, hata mwenye gari.

Sharti la pili ndo lile begi langu. Kwenye gari nyingi paa likishuka linalala kwenye buti, na humo kuna kizuizi, pazia au kibao cha kuvuta, kinachotenganisha mizigo na sehemu ya paa. Kisipokuwa kimefungwa mahali pake sensa inakataa na paa haliendi, na hiyo ni heri, kwasababu ukiweka kitu juu ya kile kizuizi au pembeni yake paa linakuja kukikandamiza na mara nyingi linaloumia ni paa, kioo chake cha nyuma au vyuma vya kukunjia. Kabla ya kila kufungua angalia buti. Kila mara. Hata kama asubuhi uliangalia.

Injini iwe inawaka kwasababu mota za paa zinakula betri vibaya. Bonyeza swichi na USIIACHIE mpaka usikie mlio au uone ujumbe kwamba limemaliza, watu wengi wanaachia mapema wakiona limelala, kumbe bado halijajifunga, alafu wanaenda barabara kuu. Likisimama katikati usiliache hivo ukaenda kunywa soda, mengi yanashikiliwa na presha ya mafuta yanayosukumwa na pampu ya paa na presha ikishuka paa linaweza kushuka lenyewe taratibu, na hapo usiwe na mkono wa mtu karibu. Kuhusu mikono kwa ujumla: waambie abiria wote mikono mapajani, watoto ndo kabisa, yale maungio yanakata kidole bila hata kupunguza mwendo. Angalia na juu, kwasababu likiwa linafunguka paa linapanda juu kuliko gari ikiwa imefungwa, dari la gereji linalokutosha kuingia linaweza lisikutoshe kufungua, na nyuma pia acha nafasi maana mfuniko wa buti unarudi nyuma ya bampa kwenye gari kadhaa.

Usilifungue ukiwa umepanda tairi moja kwenye ukingo wa barabara au gari iko kwenye jeki. Gari isiyo na paa bodi yake inajipinda zaidi kidogo kuliko ile yenye paa, hata wakiiongezea vyuma chini, na ikijipinda paa halikai sawasawa kwenye vishikio vyake. Hapo hapo nikutoe wasiwasi: ukipita barabara mbovu ukaona kioo cha ndani kinatetemeka na usukani unacheza kidogo, sio lazima gari iwe mbovu, ni tabia ya gari zilizokatwa kichwa.

Kitambaa kikiwa kimelowa usikikunje kikae hivo siku nzima, kinashika ukungu na harufu haitoki. Kama umekunja kwa dharura, ukifika lipandishe likauke.

Tuje kwenye usalama, ambapo watu wanauliza swali moja tu: ikipinduka je? Jibu ni kwamba kazi ya paa imegawiwa. Mbele, fremu ya kioo imeimarishwa kwa chuma kigumu ili isibonyee. Nyuma ya siti kwenye gari nyingi kuna vyuma vya kinga, aina mbili: vile vinavyoonekana muda wote vimesimama kama pete nyuma ya kila kichwa, na vile vilivyojificha ambavyo sensa ikihisi gari inapinduka vinachomoka vyenyewe kwa kufumba na kufumbua. Mercedes-Benz SL ya 1989 ilikuja na chuma cha namna hiyo kikichomoka kwa sekunde 0.3 hivi. Sasa kazi yako: tafuta vifuniko vyake nyuma ya siti au nyuma ya egemeo la vichwa vya nyuma, vijue, na usiweke kitu juu yake, sio koti, sio mdoli, sio spika, sio kile kitambaa cha mapambo. Vikishachomoka usiguse swichi ya paa, kioo cha paa na hivo vyuma vinaweza kugongana, mwite fundi. Na hivi vyuma vyote hesabu yake inaanzia kwamba umefunga mkanda. Bila mkanda unatoka nje kabla havijafanya chochote. Ndo maana mtu anayekaa juu ya mgongo wa siti au juu ya paa lililokunjwa akipunga mkono, huyo amejiondoa kwenye kinga zote za gari kwa mpigo.

Eabegi za pembeni nazo ziko tofauti. Kwenye gari ya kawaida pazia la kukinga kichwa linashuka kutoka darini, huku dari hamna, kwaiyo gari nyingi zinaweka eabegi kwenye ubavu wa siti inayopanda mpaka kichwani, na Volvo C70 ya 2006 iliweka pazia kwenye mlango linalofyatuka kwenda juu. Maana yake kwako: usivalishe siti kava la kuziba ubavu ule, na usiegemeze kichwa mlangoni ukisinzia.

Mtoto. Kama siti ni mbili tu, kiti chake kitakaa mbele, na kile cha mtoto mchanga anayetazama nyuma hakikai kabisa mbele ya eabegi iliyo hai. Hakuna mjadala hapo. Tafuta swichi ya kuzima eabegi ya abiria, mara nyingi iko pembeni ya dashibodi ukifungua mlango na inazungushwa kwa ufunguo, izime, uone taa yake ikithibitisha, na mtu mzima akirudi kukaa uiwashe. Gari nyingine haina hiyo swichi, basi huyo mtoto hapandi humo. Kama una siti za nyuma angalia kama zina ndoano za ISOFIX, zile za kunasia kiti cha mtoto, na jaribu kiti chenyewe kabla ya safari, nafasi ya kule nyuma ni ya kudanganyia. Na kabla hujamkalisha gusa bakoli ya mkanda, kile kifungio chake, na ngozi ya siti, zikishapigwa jua paa likiwa wazi zinaunguza kabisa.

Vioo vya milango mara nyingi havina fremu, kwaiyo kwenye gari nyingi ukivuta kitasa kioo kinashuka milimita chache kwanza kisha mlango unafunguka, ukifunga kinapanda kujibana kwenye mpira. Ni kawaida. Ila betri ikifa hakishuki, ukivuta mlango kwa nguvu unaweza kupasua kioo au kuchana mpira, vuta taratibu ukikisaidia kwa mkono. Kile kiwavu cha kuzuia upepo kinasimama nyuma ya siti za mbele, kinapunguza kelele na ule upepo unaorudi kisogoni, lakini kikiwekwa siti za nyuma hazikaliki, na tumia kilichotengenezwa kwa gari yako tu, cha kubahatisha kinaweza kuziba njia ya vile vyuma vya kinga. Kofia, karatasi, risiti, kila kitu chepesi kifungie kabla ya kuondoka. Nilipoteza kofia mbili nzuri kabla sijakubali.

Fungua buti tena utafute tairi la spea. Hulioni? Nyingi hazina, nafasi imeliwa na paa, badala yake kuna chupa ya gundi na pampu ndogo, au tairi zenyewe ni zile zinazotembea hata zikiisha upepo. Bora ulijue leo. Presha sahihi ya tairi mara nyingi iko kwenye kijikaratasi ubavuni mwa mlango wa dereva.

Ukipaki paa la kitambaa usiache kitu cha thamani kinachoonekana, kisu kimoja kinatosha, na kuna gari ina batani ya kufunga buti na droo ya dashibodi hata paa likiwa wazi, itafute. Majani yakijaa kwenye vitundu vya kutolea maji pembezoni mwa paa, maji yanaingia chini ya kapeti, yatoe kwa vidole. Mashine ya maji ya presha isikaribie kitambaa.

Mwisho, kabla hujafunga kitabu, soma ukurasa wa kufunga paa kwa mkono umeme ukikataa. Gari nyingi za paa la umeme zina alen kii (kile kispana chembamba cha pembe sita) au kispana maalum kwenye buti, kuna skrubu ya kulegeza presha ya pampu, na kulinyanyua kunahitaji watu wawili, mmoja kila upande. Tafuta hicho kispana, kishike mkononi, hakikisha kinafikika hata paa likiwa limekwama nusu juu ya buti. Kama hakifikiki, kihamishie kwenye droo ya mbele.