Kabla Hujasimama Mdhamini Mahakamani

Marekani raia wa kawaida huweza kuitwa kortini kukaa katika baraza la watu 12 wa kuamua kesi; Uganda haina baraza hilo. Raia asiye na kosa akijikuta kortini, mara nyingi ni shahidi, au ni ndugu aliyeombwa kumdhamini mtu. Hili la pili ndilo watu hulikurupukia: simu inalia usiku, asubuhi mtu yuko kortini na kitambulisho tu mfukoni, na hakimu anamkataa.

Uliza kwanza mtu wako anashikiliwa wapi na kwa kosa gani. Kama bado yuko kituoni, anachohitaji ni bondi ya polisi, yaani dhamana inayotolewa kituoni, nayo haina malipo. Anayekudai pesa anakuibia. Polisi wana saa 48 za kumfikisha mahakamani. Kwa mauaji au ubakaji, usipoteze nauli kwenda kwa hakimu, kwani ombi la dhamana linasikilizwa na jaji wa Mahakama Kuu.

Miongozo ya dhamana ya mwaka 2022 inamtaka mdhamini alete nakala ya kitambulisho cha taifa, pasipoti au kitambulisho cha mgeni, pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Mkimbizi huleta hati zake za Ofisi ya Waziri Mkuu. Beba na kitambulisho chenyewe, si nakala peke yake.

Barua ya LC1 ndiyo huwaangusha wengi. Itoke unakoishi, si kijiji ulikozaliwa, maana korti inataka kujua utapatikana wapi ukitafutwa. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ukiwa Muhammad huku na Mohamed kule, umempa mwendesha mashtaka sababu ya kusimama na kupinga. Iwe na kijiji, parishi, kaunti ndogo, miaka uliyoishi hapo, simu ya mwenyekiti, tarehe na muhuri. Imtaje mshtakiwa na iseme wazi kwamba unaenda kumdhamini. Ile uliyoandikiwa mwaka jana kufungulia akaunti ya benki iache nyumbani.

Mbele ya hakimu utapimwa umri, kazi, makazi, mwenendo na uhusiano wako na mshtakiwa. Shangazi, kaka mkubwa au mwajiri hukubalika kwa urahisi kuliko rafiki wa rika lake, kwa sababu wao wanaweza kumwambia "amka twende kortini" naye akaamka. Lugha ya korti ni Kiingereza. Usipoielewa vizuri, omba mkalimani kabla hujajibu.

Sasa pesa. Tuseme hakimu ameagiza mshtakiwa aweke shilingi 500,000 taslimu, na kila mdhamini shilingi milioni 5 zisizo taslimu. Zile za taslimu zinalipwa benki, hazipiti mkononi mwa karani, na stakabadhi halisi itunzwe kwa sababu ndiyo ya kudaia marejesho kesi ikiisha. Zile milioni 5 hutoi leo hata senti, na hapo ndipo watu hutia sahihi huku wakicheka. Mtu wako asipofika, korti itakuita ueleze kwa nini usizilipe. Maelezo yasiporidhisha na pesa zisipopatikana, mali yako inaweza kukamatwa, hata wewe mwenyewe ukafungwa. Kwa hiyo soma tarakimu iliyo juu ya sahihi yako, uliza kama ni taslimu au la, na usimdhamini mtu ambaye hujui analala wapi.

Ukitoka, andika tarehe ya kurudi kortini kwenye simu yako, usitegemee ya mshtakiwa. Siku mbili kabla, mpigie.

Akianza kukukwepa, usingoje atoroke. Sheria inamruhusu mdhamini kuiomba korti imwondoe wakati wowote. Hakimu hutoa hati ya kumkamata mshtakiwa. Akiletwa, wewe unafunguliwa, naye atafute mdhamini mwingine au arudi mahabusu. Kumwambia kwenye simu "mimi nimejitoa" hakukutoi, hata kama ukoo mzima ulikuwa unasikiliza.