Ukija Mwanza kupanda miti, fikiria Julai

Mche haufi siku unayopandwa. Hufa Julai, wakati aliyeuleta ameshaondoka miezi saba nyuma na udongo wa Ilemela umekauka hadi jembe linagonga kama kwenye jiwe. Mwongozo huu ni wa ndugu zetu walio Uingereza, Kanada, Ujerumani, Omani na kwingineko, wanaotaka kushiriki kazi ya mazingira huku kwenye ukanda wa ziwa, iwe wanakuja kwa wiki tatu au wanachangia wakiwa hukohuko. Tunaanza na maji, kwa sababu hapo ndipo juhudi nyingi nzuri zinapopotelea.

Piga hesabu ya madumu kabla ya miche

Chukua miche 100. Katika kiangazi chake cha kwanza kila mche unahitaji kama lita 10, mara mbili kwa wiki. Hizo ni lita 2,000 kwa wiki, yaani madumu 100 ya lita 20. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba ni wiki 17 hivi, kwa hiyo ni madumu 1,700, na kila dumu linabebwa na mtu, kwa kichwa, kwa toroli au kwa guta. Ulizeni mapema: nani atabeba, atachota wapi, atalipwa na nani? Kama hela ya kubeba maji haitoshi, punguzeni miche iwe 30. Miche 30 iliyoshika inaupa mtaa moyo kuliko 500 iliyobaki vijiti.

Mche wenyewe si ghali, na mara nyingine halmashauri au Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) hutoa miche kwa ajili ya upandaji wa jamii. Kwa hiyo anayechangia kutoka mbali asitume hela ya miche. Atume hela ya maji, kidogokidogo, kila wiki mbili, kwa mtu aliyechaguliwa na kikundi chenyewe kinachotunza miche. Ufuatiliaji ni rahisi, maana Mwanza mawe hayatafutwi: weka jiwe kando ya kila mche, lipake namba kwa rangi ya mafuta, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi upigwe picha mche pamoja na jiwe lake. Picha ya jumla ya shamba haikuambii chochote, kwa sababu magugu nayo ni ya kijani.

Msimu na shimo

Mvua za vuli huanza Oktoba na kuishia Desemba. Masika ni Machi hadi Mei, na katikati ya misimu hiyo miwili Januari na Februari huwa na ukavu wake. Wakati mzuri kuliko wote ni Novemba, unyevu ukishazama kama sentimita 30 ardhini. Anayekuja likizo ya Desemba akute mashimo yamechimbwa tangu Oktoba, na apande wiki ya kwanza au ya pili, si baada ya Krismasi. Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, tarehe 1 Aprili, ni siku nzuri ya kujuana na watu na kuona nani anafanya nini, lakini mche wa Aprili una miezi miwili tu ya mvua mbele yake, hivyo ndio utakaodai madumu mengi zaidi. Anayekuja Julai au Agosti asipande kabisa. Kuna kazi nyingine, tutaifikia.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu uuweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na nusu debe la samadi iliyooza vizuri, na huo ndio utangulie kurudi shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kiriba, yaani mfuko wa nailoni uliooteshewa mche, kichanwe na kuondolewa chote. Miche mingi inayodumaa mwaka wa pili ilipandwa na kiriba chake, mizizi ikazunguka mlemle ndani hadi ikajinyonga. Ukikuta mizizi imeshajiviringa chini, kata kipande chembamba cha kitako kwa wembe. Acha kibeseni cha udongo kuzunguka mche, na kwenye miteremko ya vilima vyetu kitie ukingo upande wa chini tu, kama mwezi mchanga, maji ya mvua yatulie hapo. Tandaza nyasi kavu unene wa kiganja, ila zisiguse shina. Nyasi zikigusa shina, mchwa wa kiangazi hupandia hapohapo na kumenya gome. Mwisho zungushia miiba ya mgunga, maana mbuzi wa jirani hatambui mradi.

Mikaratusi iwekwe mbali na chemchemi na kingo za mito, inakunywa sana. Karibu na makazi, pendelea mti ambao mtu atapata kitu kwake: mwembe, mparachichi, mfenesi. Mti wa chakula una mlinzi bila mshahara.

Na kama ukoo wako una eneo Magu, Kwimba au Misungwi, huenda usihitaji mche hata mmoja. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa kwa mifugo ili malisho na miti virudi vyenyewe, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulifufua ngitili nyingi kwa utaratibu huohuo. Shambani kazi hiyo ifanyike kwa mtindo wa kisiki hai: chagua kisiki kinachochipua, bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine, pogolea matawi ya chini hadi nusu ya urefu, funga kitambaa chenye rangi ili wachungaji na wakata kuni wajue kina mwenyewe. Mizizi iko chini tayari, kwa hiyo hakuna dumu la kubeba. Kwa hela ileile, hii ndiyo kazi tunayoipendekeza kwanza.

Ufukweni kuna mpaka wa sheria na mpaka wa maji

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kabla ya kugusa eneo hilo, hata kwa nia njema, ongea na afisa mazingira wa halmashauri na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo iko hapa Mwanza. Halafu waombe wakazi wakuonyeshe maji yalifika wapi Mei 2020, ziwa lilipopita rekodi ya mwaka 1964. Kila mwenyeji wa Igombe au Kayenze anaijua alama hiyo ukutani au kwenye mti. Panda juu yake. Chini ya hapo waachie matete na mafunjo, ambayo yamezoea kufunikwa na maji.

Usafi wa mwalo

Hii ndiyo kazi ya Julai, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo siku ya usafi. Kwa watu 30: glovu nene jozi 30, reki 10, chepe 6, toroli 3, viroba 40 vya kilo 50. Anza saa moja asubuhi, maliza saa nne kabla jua halijawa kali. Gari la taka lipatikane kwanza, ndipo tangazo litoke. Viroba vilivyolala ufukweni usiku mmoja hupasuliwa na mbwa, na upepo ukigeuka nusu ya taka inarudi majini. Nyavu usizikusanye bila mtu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo, kuwepo: nyingine ni mali ya mvuvi, nyingine ni timba, ambazo ni haramu, na hutaki kukutwa umezibeba. Mifuko ya plastiki ya kubebea usiilete kutoka ng'ambo. Imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na wageni hutakiwa kuiacha uwanja wa ndege.

Usiingie majini peku. Kichocho bado kipo kwenye ufukwe wetu. Konokono wanaobeba vimelea vyake hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale taka zinapokwama, na vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache. Vaa gambuti zinazofika magotini, na maji yakizidi hapo acha. Kama umelowa, jikaushe mara moja, ingawa hilo halikuhakikishii usalama. Ukirudi unakoishi, subiri wiki 8 hadi 12 ndipo ukapime, kwa sababu ukipima mapema majibu yanaweza kuonyesha huna. Mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa kwenye maji ya Ziwa Victoria, maana daktari wa Leeds au Calgary hatawaza kichocho. Dawa ni prazikwanteli. Na malaria usiidharau eti ulizaliwa Nyamagana. Kinga ya utotoni hupungua ukikaa mbali.

Magugu maji yakitolewa, yatandazwe juu kabisa ya ufukwe siku tatu hadi tano yanyauke, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Kisha yapangwe kuwa mboji: tabaka la sentimita 20 la magugu, sentimita 5 za samadi, majivu kidogo, hadi lundo lifike mita moja na nusu. Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku nne ichomoe: ikiwa ya moto, mboji inakwenda, ikiwa baridi, lundo ni dogo au kavu, likinuka, limelowa mno, ligeuze na uongeze majani makavu. Geuza kila wiki mbili au tatu, na kwa miezi mitatu hivi huwa tayari. Magugu ya karibu na mdomo wa Mto Mirongo yatumike kwenye miti na maua, si mboga, kwa sababu mmea huu hufyonza metali za majitaka. Na kamwe usiyapeleke karibu na lambo.

Kupita mlango sahihi

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kikitaka kusajiliwa halmashauri kitahitaji katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama na barua ya mtaa. Suala la posho litajitokeza. Lisikukere: mama anayeuza dagaa akikaa kwenye mafunzo yako asubuhi nzima, amekosa riziki ya siku. Kubalianeni mapema nauli na chakula, kiwango kimoja kwa wote, kitajwe hadharani.

Tanzania haijaruhusu uraia pacha kwa watu wazima. Mwenye pasipoti ya nje anayetaka kujitolea kwenye taasisi aulize Uhamiaji kabla ya kusafiri. Kibali cha ukaazi cha wanaojitolea ni daraja C.

Mafunzo, ukiwa hukohuko

Ulipo kuna mafunzo ya jamii kuhusu mabadiliko ya tabianchi, yanayofaa kujifunza namna ya kufundisha. Climate Fresk, iliyoanzia Ufaransa, hutumia kadi 42 na saa tatu. Carbon Literacy ya Uingereza huchukua kama siku moja, na kila mshiriki huahidi jambo moja la binafsi na moja la kundi. Ukileta somo huku, picha za barafu ziache. Anza na jambo ambalo mvuvi analiona: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hunyesha moja kwa moja juu yake, ndiyo maana mvua ikibadilika mwalo unahama. Na awepo mtu wa kueleza kwa Kisukuma, au Kikerewe ukiwa Ukerewe.

Kikao cha mtandaoni kiwe saa kumi jioni ya Mwanza, ambayo majira ya joto ni saa nane mchana London na saa tatu asubuhi Toronto. Kwa vijana waliozaliwa huko andika pia 16:00, 14:00 na 09:00, la sivyo watasubiri saa sita nzima. Ajenda ya kwanza iwe miche iliyo hai, isomwe namba kwa namba kutoka kwenye mawe.