Kahawa tungu ya nyumbani, kwa aliyefungiwa duka la buni

Duka nililotumwa kahawa tangu utotoni, hapa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, siku hizi lauza vifuniko vya simu. Mzee mwenyewe alikuwa akikaanga nyuma, akisaga mbele ya macho yako, na ukifika nyumbani karatasi bado ina joto. Wanawe hawakuitaka kazi ya moshi, na siwalaumu. Lakini kahawa ya paketi iliyokwisha kulala miezi dukani haina harufu, na ile ya mashine kwenye mikahawa ya wageni ni kinywaji kingine kabisa. Basi nimejifunza kukaanga mwenyewe.

1. Kukaanga. Hapa ndipo penye kazi. Robo kilo ya buni mbichi yanitosha wiki, dele (birika la kahawa) moja kwa siku. Ichambue kwanza kama mchele: toa nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Weka kikaango kizito, kikavu, juu ya makaa ya wastani, mimina buni, koroga kwa mwiko bila kupumzika. Itageuka manjano, inukie kama nyasi kavu, kisha iwe rangi ya mdalasini. Halafu itaanza kulia, ta, ta, ta, kama bisi. Kuanzia hapo tumia masikio. Mlio ukitulia, ngoja dakika mbili tatu, epua.

Mara ya kwanza simu iliita katikati ya mlio, nikapokea. Niliporudi nilikuta makaa juu ya makaa, na jirani ananiuliza dirishani kama nyumba yaungua. Nyumba zetu zilivyobanana, msiwatishe watu, kaangieni uani.

Ikiiva imimine kwenye ungo hapo hapo, maana kikaango kina moto wake na kitaendelea kuiunguza. Pepeta, ipoe, makapi yaruke. Ukiipima utapata gramu 210 hivi. Usidhani umeibiwa, mengi ni maji yaliyokauka.

2. Kutwanga. Iache usiku mmoja itoe hewa. Twanga ya siku hiyo tu, iwe laini lakini isiwe vumbi.

3. Dele. Chemsha lita moja ya maji na tangawizi kavu iliyopondwa, kadiri ya kidole gumba, na iliki tatu. Tia vijiko vinne vya mezani vya kahawa, punguza moto, iteteme dakika 15. Usikaze kifuniko, itafurika izime jiko. Kisha isogeze kando, machicha yatue. Sukari haitiwi, tende au haluwa iko kwa kazi hiyo. Na maji yawe matamu. Ya kisima chenye chumvi yataharibu yote uliyohangaikia. Sisi twategemea ya Shela, yanayotoka chini ya vilima vya mchanga.

Maswali yenu

*Shoga, niko Malindi, sina dele. Sufuria yafaa?*
Yafaa sana. Dele lasaidia kumimina bila kutibua machicha. Kwa sufuria, ngoja zaidi kidogo kisha chota kwa upawa juu juu. Wengine huchuja kwa kitambaa. Mimi naona kinakunywa mafuta ya kahawa.

*Dadangu, buni mbichi naipata wapi? Hapa mtaani wananicheka.*
Pwani hatulimi kahawa, kwa hiyo hutaikuta sokoni kama nazi. Mimi huagiza kwa watu wanaosafiri bara, Nyeri au Kirinyaga. Hiyo ni arabika, ina uchachu kidogo. Ukipata robusta ya Uganda, changanya kiasi, ndiyo yenye uchungu ule wa barazani. Buni mbichi haiharibiki upesi mahali pakavu, basi nunua kilo mbili tatu kwa pamoja. Ila unyevu wa bahari huku kwetu ni adui: debe lenye kifuniko, si gunia.

*Mume wangu asema ya barazani bado yashinda yangu.*
Kule anakunywa na habari za mji. Hiyo hushindani nayo.

*Na yule mzee wa duka, bado yuko?*
Yuko. Nilimpelekea thermosi wiki iliyopita. Alikunywa vikombe viwili kimya, akanirudishia kikombe. "Umeiepua mapema, mwanangu." Sasa baada ya mlio nahesabu dakika nne.