SOMO: Keki ya kahawa na chokoleti kwa jiko la mkaa, naandika mara hii moja tu

Jamani tangu Idi ipite simu yangu haipumui. Wifi anauliza, jirani anauliza, binti wa kaka yangu aliyeolewa Tandahimba ananitumia voisi ya dakika nne akiwa kasimama mbele ya jiko, eti shangazi hapa sasa nafanyaje. Swali ni lile lile, ile keki nyeusi yenye harufu ya kahawa uliyoleta unaipikaje. Nimejibu mpaka basi, kwa hiyo naweka yote hapa na kuanzia leo ukiniuliza nakutumia hii, usinune. Mimi siuzi keki, sijasomea upishi, sina ovena, niko zangu Chuno hapa Mtwara na jiko la mkaa, mchanga na sufuria mbili. (Gesi inatoka hapo Msimbati tu, na bomba la kwenda Dar lilizinduliwa 2015, ila mimi bado nachagua mkaa sokoni. Haya tuendelee nisije nikahamia huko.)

VITU. Kikombe ni cha ml 250 na kijiko ni cha chai. Unga wa ngano vikombe 2, sukari kikombe 1 na nusu, kokoa ISIYO na sukari nusu kikombe kilichojaa, magadi soda kijiko 1 na nusu, beking pauda kijiko 1, chumvi nusu kijiko, mayai 2, mtindi kikombe 1, mafuta ya kupikia nusu kikombe, vanila kidogo, na kahawa nzito ya moto kikombe 1. Kahawa natumia Africafe, ile inayoyeyuka yenyewe, vijiko 2 vilivyojaa kwenye maji yaliyochemka. Ukiwa na ya unga ya Mbinga au Kilimanjaro chemsha, chuja vizuri kwa kitambaa, machicha yakiingia kwenye keki utadhani unakula mchanga. Huna mtindi, chukua maziwa ya kawaida kamulia limao kijiko kikubwa kimoja, yaache dakika kumi.

1. Chekecha vikavu vyote pamoja, sukari changanya humo humo.

2. Piga mayai, mtindi, mafuta na vanila, mimina kwenye vikavu, koroga mpaka mabonge yaishe. Basi. Usipige kama unagombana nao.

3. Mimina kahawa ya moto kidogo kidogo huku unakoroga. Ukimwaga yote kwa mpigo mayai yanaiva vipande vipande. Mchanganyiko utakuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa. NI SAWA. Usiongeze unga, narudia usiongeze unga.

4. Paka mafuta sufuria ndogo, tandika karatasi chini, mimina usizidishe nusu maana inaumuka.

5. Moto. Hapa vuteni mkeka mkae.

Mwaka ule mtoto wa kaka anahitimu Kurani, watu wanakuja baada ya Alasiri, mimi nikagundua asubuhi mchanga wangu watoto wameuchezea wote wameumwaga. Nikamtuma kijana akanichotee ufukweni Shangani. Ukaja mweupe mzuri, kwa juu mkavu kabisa, kumbe ndani una maji ya bahari. Nikamwaga kwenye sufuria kubwa, nikaweka keki, nikafunika, nikapanga makaa juu. Dakika kumi nasikia chwaaa, mvuke unatoka pembeni na harufu ya mwani imejaa uani. Nikasema utakauka tu. Mkaa nao ukaanza kuisha, nikatupia vifuu vya nazi juu ya mfuniko, na vifuu nyie mnavijua vinavyowaka kwa hasira, ndimi za moto zikakaribia kamba ya nguo. Nikaingiwa na wasiwasi nikafunua kuchungulia. Juu gamba jeusi limepasuka kama tope la bwawa lililokauka, kwenye ufa uji unachungulia, halafu hapo hapo naangalia katikati pakashuka taratibu mpaka ikawa sahani, na majivu yakadondokea humo. Wageni wakala maandazi. Mama yangu mkubwa mpaka leo akiniona na chekecheo ananiuliza bahari imejaa au imekupwa.

Kwa hiyo sikilizeni. Mchanga uwe wa mtoni au wa kujengea, uoshe, uanike juani siku mbili, chekecha, halafu uweke kwenye sufuria kubwa kina cha vidole viwili na uutie moto peke yake umefunika robo saa kabla keki haijaingia. Ukiona hata tone la mvuke kwenye mfuniko, bado. Makaa yawe yameshika, yamevaa majivu meupe, hakuna ndimi, hakuna moshi. Chini acha vipande sita au saba tu vilivyotawanyika. Juu ya mfuniko weka mara mbili ya hapo, vingi vikae pembeni kwa duara, katikati viwili vitatu, ukirundika katikati utapata doa jeusi na kingo mbichi.

Kupima moto kama huna kipimajoto, nyunyiza unga wa ngano kidogo kwenye kifuniko cha kopo, uweke ndani ya sufuria ya moto, funika dakika tano. Ukitoka rangi ya korosho ya kukaanga moto uko sawa. Ukiwa mweusi punguza, ukibaki mweupe ongeza. Hii nilifundishwa na bibi mmoja wa Mikindani na haijawahi kuniangusha.

Sufuria ndogo ya keki ikishakaa juu ya mchanga ndani ya ile kubwa na umefunika, USIFUNUE kabla ya dakika 35. Haijashika bado, ukiipiga na hewa ya nje inakaa chini. Ukifunua inua mfuniko wima, pande zote mbili, usiuinamishe majivu yakaingia. Na msifanyie hii kazi chumbani mlango umefungwa eti kuna upepo nje, hewa ya mkaa inaua na haina harufu ya kukuambia. Uani au barazani.

6. Choma kijiti katikati, kikitoka na punje punje imeiva, kikitoka na uji rudisha. Kwangu ni dakika 50 hivi.

7. Iache kwenye sufuria robo saa ndo uigeuze.

8. Ya juu. Siagi ya kupiga na sukari kwa joto letu la Disemba inatiririka kabla keki haijakatwa, mimi niliachana nayo. Nachukua chokoleti ya kupikia gramu 200, naikatakata, napasha tui zito la nazi nusu kikombe huku nakoroga lisikatike, likikaribia kuchemka namimina juu ya chokoleti, naacha dakika mbili, nakoroga katikati kuelekea nje mpaka ing'ae. Kijiko kimoja cha kahawa humo kama unapenda. Juu korosho zilizokaangwa na kupondwa. Iliwe siku hiyo hiyo, tui bichi kwa joto hili halilali.

Imeisha. Maswali, ila someni kwanza.

Binti Mikindani: Asante shangazi. Samahani naomba kuelewa, kahawa inafanya nini hasa? Naogopa itakuwa chungu na kuna watoto.

Mwandishi: Swali zuri mwanangu. Kwanza ladha ya kahawa haisikiki sana, ukimpa mtu bila kumwambia atasema chokoleti tu, ila chokoleti nzito. Uchungu wa kahawa na wa kakao ni ndugu, mmoja anamsukuma mwenzake mbele. Pili ni ule umoto wake, kokoa ukiichanganya na kitu cha moto harufu yake inafunguka, ukiichanganya na maziwa baridi inabaki imelala na mabonge juu. Jaribu uone, weka kijiko cha kokoa kwenye vikombe viwili, kimoja maji baridi kimoja ya moto, nusa. Watoto, kikombe kimoja cha kahawa kimegawanywa vipande 16 kwa hiyo kila kipande kina kidogo, lakini kama ni wadogo kabisa au sherehe ni ya usiku weka maji ya moto matupu badala ya kahawa, keki inatoka vilevile.

Kijana wa Ligula: Mimi nimefuata KILA KITU imekuwa ngumu kama tofali

Mwandishi: Kokoa gani?

Kijana wa Ligula: Ile ya kopo ya kunywa asubuhi, na magadi soda sikuwa nayo nikaacha

Mwandishi: Basi hukufuata. Ile ya kunywa nyingi ni sukari.

Mama Abduli: Vipimo pls

Mwandishi: Viko juu.

Mama Abduli: Sijaviona

Mwandishi: Vimeandikwa VITU kwa herufi kubwa mama.

Mwana Newala: Habari za huko dada. Magadi si haya ya mawe tunayopikia maharage? Nimeponda yakawa unga laini kabisa.

Mwandishi: Hapana kaka, simamisha hapo hapo! Yale ya maharage ni makali na yana uchafu wake, keki itanuka sabuni. Nataka ile nyeupe ya kwenye pakiti dukani, inakaa shelfu moja na beking pauda. Na hazibadilishani, magadi soda inataka kitu kichachu iamke ndo maana kuna mtindi, beking pauda ina uchachu wake ndani. Vizuri umeuliza kabla hujawasha moto.

Fundi Majiko: Mpaka leo watu wanaoka kwa mchanga? Ovena za umeme ziko madukani.

Mwandishi: Nunua unitumie. Na umeme ukikatika keki ikiwa ndani dakika ya 20 utanitumia na jenereta. Mwenye ovena nyuzi 175, dakika 35 mpaka 40, hatua nyingine zote ni hizo hizo. Sikusema mchanga ni lazima, nimesema ndo nilichonacho.

Dada wa Lindi: Mimi nina jiko la gesi la plet mbili tu, juu siwezi kuweka moto. Na nyongeza, keki inatakiwa itoke Mtwara ije huku kwetu Lindi kwa basi, mdogo wangu anaolewa. Itafika?

Mwandishi: Hongereni sana, Mungu awape heri. Kwa gesi moto mdogo kabisa, mchanga ule ule, mfuniko uufunge kitambaa safi kwa ndani, ncha uzikunjie juu zisining'inie kwenye moto, ili matone yasidondokee keki. Hesabu saa nzima au zaidi. Juu haitakuwa na rangi, usijali unaificha na chokoleti. Safari ni kilomita mia na ushee tu, ila USIIPAKE ukiwa Mtwara. Chokoleti inaanza kulainika kwenye nyuzi 30 na kitu, na ndani ya basi mchana ni zaidi ya hapo. Keki iache ipoe usiku mzima, ivalishe nailoni, iweke kwenye boksi ipakate mwenyewe, usimpe konda aiweke kwenye buti. Ile ya juu ipikie huko huko Lindi, nazi zipo. Mimi niliwahi kuipeleka imeshapakwa, nilipofungua boksi chokoleti yote ilikuwa imehamia upande wa dirisha.

Dada wa Lindi: 😂😂 asante dada, nimeandika kwenye daftari

Kaka wa Mnadani: Korosho lazima nzima? Nzima bei imechangamka.

Mwandishi: Chukua vipande vilivyovunjika, unaponda hata hivyo. Ila kaanga mwenyewe bila mafuta, moto mdogo, geuza geuza, na toa kabla hujaridhika na rangi maana zinaendelea kuiva zikiwa nje. Ufuta nao unakaa vizuri juu, huo ndo usiseme umekosa kwa watu wa kusini.

Mama Wawili: Unauza bei gani ya kilo 2?

Mwandishi: Siuzi.

Mjukuu wa Chikongola: Shikamoo shangazi. Mimi sikuwa na Africafe, nikanunua vikombe vinne kwa mzee wa kahawa anayepita na birika jioni, nikarudishia kwenye moto mpaka ikapungua ikabaki kikombe kimoja. Kumbe anaweka tangawizi. Keki imetoka na ukali fulani kwa nyuma, nyumbani wameigombania, baba ameficha kipande kabatini.

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Hiyo sijawahi kabisa wala haikuniingia akilini, na mzee mwenyewe anapita mlangoni kwangu kila siku! Tangawizi na chokoleti zinapatana, nakubali. Sukari ulipunguza au uliacha hivyo hivyo?

Mjukuu wa Chikongola: Niliacha hivyo hivyo, kahawa yake haina sukari, anatoa na kashata pembeni.

Mwandishi: Haya Ijumaa najaribu. Na kashata ntaiponda niinyunyize juu badala ya korosho. Ukimuona mwambie vikombe vinne vyangu asiviuze.